Mrejesho: Orodha ya sonata na kazi za vikundi vidogo za Schubert

Ndugu zangu, niliomba ushauri wa kuorodhesha sonata za piano (tungo ndefu za ala, zenye sehemu kadhaa) za mtunzi Franz Schubert pamoja na kazi zake za vikundi vidogo vya ala, kwa kuwa namba za opasi, yaani namba zinazopewa kazi zinapochapishwa, hazikuwa zikifuata miaka ya kutungwa. Nawashukuru kwa dhati, hasa mlionielekeza kwenye katalogi ya Otto Erich Deutsch ya mwaka 1951, inayopanga kazi za Schubert kwa tarehe ya kutungwa na kuzipa namba zenye herufi D. Nimeifuata, na mambo yamenyooka: sonata yenye opasi 164 imekaa mwaka 1817 kama D 537, ikitangulia opasi 42 ya mwaka 1825 (D 845), na namba yake ya opasi ni kubwa kwa sababu ilichapishwa muda mrefu baada ya mtunzi kufariki mwaka 1828. Kwinteti ya nyuzi (kazi ya ala tano za nyuzi), D 956, sasa ni jirani wa sonata tatu za mwisho, D 958 hadi 960, na inasisimua kuona yote hayo katika mwaka mmoja.

Ushauri wa kutenga sonata zisizokamilika umefaulu nusu tu. Sonata D 840 haikuleta shida, lakini D 571, D 604 na D 570, ambazo baadhi ya wapiga piano huziunganisha kuwa sonata moja, nimeziacha katika mistari mitatu yenye rejea. Kwa hiyo jumla ya sonata sijaiandika.