Naomba ushauri: nijifunzeje msamiati mgumu na istilahi za fasihi ya Kiingereza?

Mwanafunzi, Tukuyu: Habari za jioni, wanajukwaa. Nipo kidato cha tatu na ninasoma somo la Fasihi ya Kiingereza. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, hivyo kila ukurasa wa riwaya una maneno nisiyowahi kuyasikia, na juu ya hayo tunatakiwa kutumia istilahi kama "tone", "mood" na "irony". Maana zake nimezikariri, lakini nikipewa kifungu nikihakiki, sioni pa kuzitumia. Naombeni mwongozo.

Mwalimu, Mafinga: Mwanangu, sehemu kubwa ya kazi hiyo umekwisha kuifanya katika somo la Kiswahili. Tashibiha, sitiari, tashihisi, mandhari na dhamira ndizo "simile", "metaphor", "personification", "setting" na "theme". Ukisoma kwamba upepo uliyanong'oneza mashamba ya chai, unatambua mara moja kuwa hiyo ni tashihisi, yaani kukipa kisicho mtu sifa za mtu. Hata hivyo, kuitaja tu hakutoshi: nukuu maneno yenyewe kutoka kwenye kifungu, kisha ueleze kazi yake, kwa mfano kwamba mnong'ono unajenga hali ya utulivu na siri. Wanafunzi wangu wengi huliacha jambo hili la mwisho, nami huumia kuona alama zikipotea hapo wakati tamathali wameitambua vizuri.

Mdau, Njombe: Namuunga mkono mwalimu, ila tahadhari inahitajika, kwa sababu si kila istilahi ina mwenzake kamili. Wengi husema "irony" ni kejeli, lakini kejeli humhitaji mtu anayemdhihaki mwingine, ilhali katika tamthiliya watazamaji wanaweza kujua kwamba mgeni aliyepo mlangoni ni adui, huku mhusika akimkaribisha kwa furaha. Hapo hakuna anayekejeli, na bado ni "irony". Neno kinaya, yaani hali iliyo kinyume na inavyodhaniwa, linakaribia zaidi. Kuhusu "tone", huo ni mtazamo wa msimulizi juu ya anachokisimulia, na "mood" ni hisia inayomwingia msomaji. Msimulizi anaweza kueleza msiba bila kuonyesha hisia yoyote, nawe ukajawa na huzuni.

Dada, Uyole: Mdogo wangu, msamiati ujifunze kwa koo zake, kwa kuwa maneno mengi ya kitaaluma ya Kiingereza yana asili ya Kilatini na Kigiriki. Shina "spect", lenye maana ya kutazama, limo katika "inspect", "spectator" na "retrospect". Ni jambo tulilolizoea katika soma, somesha, msomaji na usomaji. Hakikisha kwenye kamusi, maana "mal" huashiria ubaya katika "malevolent", lakini "malt" haihusiani nayo hata kidogo. Andika pia sentensi nzima ulimolikuta neno.

Mwanafunzi, Tukuyu: Nashukuru sana. Shikamoo, mwalimu. Je, nisimame kila ninapokutana na neno jipya?

Mwalimu, Mafinga: Marahaba. Soma kwanza mpaka mwisho wa aya, ukisie maana, kisha ufungue kamusi kwa maneno yanayojirudia au yanayobeba tukio. Anza na yale yanayoeleza tabia za wahusika, kwa sababu utayahitaji katika karibu kila insha. Iwapo kitabu ni cha maktaba, andika namba ya ukurasa kwenye daftari lako, usikiwekee alama.