Waratibu wa sherehe Dar, mnakula mamilioni yetu halafu hata jina la kanga hamsomi

Wakuu, nimekaa kimya wiki mbili nikisema hasira zipoe kwanza. Hazijapoa, kwa hiyo leo naandika.

Mdogo wangu kaolewa mwezi uliopita hapa Dar. Sisi ni Wadigo wa Tanga, bwana harusi ni Mchaga wa Machame, Mwislamu tangu kwa babu yake. Kamati ikasema safari hii tusiwachoshe mashangazi, tutafute kampuni. Tukapata moja (jina nalihifadhi, mods msinipige ban bure), tukakubaliana milioni 4 na nusu. Hiyo ni ya kuratibu tu, ukumbi na chakula mbali. Wakatupa fomu ya kujaza, kurasa nne. Leo nimeitafuta nikaisoma upya: rangi ya mapambo, rangi ya vitambaa vya meza, wimbo wa kuingilia, wimbo wa kukata keki, keki iwe na ngazi ngapi. Dini ya maharusi hawajauliza. Wageni wanakula nini na hawali nini, hawajauliza. Wazee wepi wanatangulizwa, hakuna. Ila juu kabisa wameandika kwa herufi kubwa, "TUNAHESHIMU MILA ZOTE".

Wasichouliza wakajijazia wenyewe. Waliposikia Mchaga, bajeti ikaja na kreti 40 za bia. Tukazikata. Bajeti ya pili zikarudi, sasa zinaitwa "vinywaji vya upande wa bwana harusi". Jamani, Machame kuna misikiti, kuna masheikh, kuna madrasa! Ndafu nayo, yule mbuzi mzima wa kuchoma wa Kichaga, walishaiagiza, lakini ukiuliza kachinja nani, kimya. Mjomba kashinda kwenye simu asubuhi nzima ya harusi akimsaka mchinjaji, mwisho ikabidi atafutwe mbuzi mwingine.

Hayo ningesamehe. Njooni kwenye kanga.

Walitwambia watanunua doti 60 Kariakoo, sare ya kina mama wa pande zote mbili, ipo ndani ya mkataba. Nikasema sawa, wamejitahidi. Siku ya kuwapokea wakwe kijana wao anazigawa mlangoni na tabasamu, kaanza na wageni, kama adabu inavyotaka. Shangazi mmoja wa bwana harusi, mama mtu mzima anayeishi Magomeni miaka mingi, akaifungua, akainyoosha mbele ya kifua, akashusha macho chini ya mji, ile sehemu ya katikati ya kanga, pale jina, yaani ule msemo wake, linapokaa. HASIDI HANA SABABU. Akaisoma mara ya pili kwa sauti. Kisha akaikunja taratibu, pindo kwa pindo, akamrudishia yule kijana mikononi, akamwangalia mama yangu: "Kwa hiyo sisi tumekuja hapa kama mahasidi?"

Mama yangu hakuwa na la kusema. Ile kanga hata yeye alikuwa anaiona kwa mara ya kwanza.

Nikamvuta mratibu pembeni. Mnajua kanijibu nini? "Dada, sisi tuliangalia rangi, ile pichi imeendana na maua." Pichi! Mtoto wa darasa la pili Tanga ukimtuma kanga anasoma jina kabla hajauliza bei. Watu wamepeana talaka kwa sababu ya jina la kanga, majirani wamenuniana miaka. Na kama walitaka kanga ya harusi, kisutu kipo, chekundu na cheusi kwenye nyeupe, kila duka la kanga wanakijua. Swali moja tu kwa muuzaji lingetosha.

Tulikesha kuwaomba radhi wakwe. Baba mkwe, Mungu ampe umri mrefu, ndiye aliyeokoa, akasema waliokosea ni wale wa mapambo, tule.

Sasa hili la singo ndilo linaloninyima usingizi. Singo, usiku wa kumsinga bibi harusi kabla ya ndoa, ni ya wanawake peke yao. Watu wamevua mabuibui, nywele ziko wazi, bibi harusi kapakwa liwa mwili mzima, somo wake anamfunda. Simu zinakusanywa kwenye beseni mlangoni. Nilimwambia mratibu kwa mdomo, nikamwandikia na WhatsApp: mpiga picha awe mwanamke, na picha zisitoke. Akajibu kidole gumba. Saa 3 usiku mlango unafunguliwa, wanaingia vijana wawili wa kiume na kamera begani, taa imewashwa tayari. Kelele zilizopigwa pale! Bibi yetu wa miaka 80 kajifunika mkeka. Mdogo wangu akakimbizwa chumbani amefunikwa shuka, liwa linadondoka sakafuni njia nzima.

Asubuhi kipande cha video kiko kwenye ukurasa wao, sekunde kama 20, na maneno "Usiku wa Kiswahili". Kilikaa hewani mpaka adhuhuri. Mume mtarajiwa alitumiwa na rafiki yake.

Nimewauliza, ruhusa mlipewa na nani? Wananiambia ni "kumbukumbu ya kazi". Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022 na tume yake ipo, kwa hiyo barua naandika.

MC sitaki hata kumzungumzia. Wachaga watani wao Wapare. Huyu si Mpare wala si Mdigo, hana utani na mtu pale, lakini kazi yake ukumbini ni limbwata la Tanga na Mchaga kununua mke kwa punguzo. Na ratiba yao ilipanga maharusi waingie saa 12 na nusu jioni, Magharibi kabisa. Wameingia ukumbi uko nusu, wazee wako nje wanagombania bomba moja la udhu.

NYONGEZA: Wameona uzi, wamenipigia. Hawajaomba radhi. Wananipa punguzo la asilimia 20 kwa "sherehe ijayo ya familia" nikifuta. Sifuti. Doti 59 ziko kwenye korido kwa mama, hakuna anayethubutu kuzivaa wala kumpa mtu. Ile ya 60 shangazi wa Magomeni aliiomba mwenyewe siku ya kuondoka, akasema anaenda kumwonyesha mumewe.