Mrejesho: dirisha la saa sasa linapitisha picha ya nyuma

Wakuu, niliuliza nifanyeje ili programu yangu ya saa ya PyQt5 (maktaba ya Python ya kutengeneza madirisha) ionyeshe picha iliyo nyuma yake huku tarakimu zikibaki nzito. Nilikuwa natumia setWindowOpacity(0.6), na maandishi nayo yakafifia.

Aliyesema nihamie WA_TranslucentBackground alipatia. Ile ya kwanza inafifisha dirisha zima kwa pamoja, haibagui. Hii inaacha mandharinyuma wazi, halafu unapaka mwenyewe ndani ya paintEvent, yaani sehemu ya msimbo inayochora dirisha. Nimepaka QColor(20, 20, 20, 150). Hiyo 150 ndiyo uzito wa rangi: 0 haionekani kabisa, 255 inaziba. Tarakimu nimezipa 255, zinasomeka hata juu ya picha yenye makorokoro mengi.

Kwenye kompyuta ya kazini msimbo uleule ukaleta dirisha jeusi tii. Kule natumia i3, kisimamizi cha madirisha cha Linux ambacho hakina kompozita yake (programu inayochanganya madirisha yanayopitisha picha), na bila kompozita X11, mfumo unaoonyesha madirisha kwenye skrini, haina wa kuyachanganya. Nikawasha picom, ambayo ni kompozita ya kujitegemea, nikafungua saa upya, ikakaa sawa. Nyumbani kwenye KDE, ambayo ina kompozita yake, sikugusa kitu.

Walio Windows waongeze FramelessWindowHint, ya kuondoa fremu ya dirisha, la sivyo haikubali. Kero yake ni kwamba fremu inaondoka na kitufe cha kufunga, kwa hiyo nimeiwekea Esc ya kufungia na mousePressEvent ya kuburutia. Kuburuta kwenda skrini ya pili bado kunasitasita, hilo naendelea kupambana nalo.

Shukrani sana, hasa kwa aliyenitajia picom.