Waini ikibaki kwenye chupa, naihifadhije?

Tunda_Kavu: Wakuu, habari za jioni. Naishi peke yangu na glasi moja inanitosha kabisa. Chupa ni mililita 750, kwa hiyo lazima ibaki. Huwa narudishia kizibo naiacha mezani, lakini siku ya tatu ladha ishageuka, inakwaruza koo kama siki. Mmoja kaniambia niweke friji, mwingine anasema nyekundu haiwekwi friji. Nimsikilize yupi?

Fundi_Pipa: Wa friji. Huyo mwingine anachanganya kunywa na kuhifadhi. Nyekundu hainogi ikiwa ya baridi kali, ni kweli, ila baridi ndiyo inayopunguza kasi ya oksijeni kuiharibu, na ya wale bakteria wanaogeuza kilevi kuwa siki. Itoe nusu saa kabla ya kunywa. Kwa kawaida inakwenda siku 3 hadi 5, nyeupe vilevile. Na isimamishe, usiilaze. Ikilala inagusana na hewa eneo kubwa zaidi.

Binti_Saada: Friji sawa, lakini adui mwenyewe ni hewa. Chupa ikiwa nusu, kuiziba ni kumfungia mwizi ndani ya nyumba. Tafuta chupa ndogo ya mililita 375 yenye kifuniko cha kuzungusha, ioshe, ikauke, isibaki na harufu ya sabuni. Ukifungua ile kubwa tu, kabla hujajimiminia, jaza ndogo mpaka shingoni, karibu ifurike. Funga, friji. Wewe unakunywa iliyobaki kwenye kubwa, ndogo inakusubiri hata wiki.

Tunda_Kavu: Aisee, hiyo sikuwahi kuiwaza! Na pampu za kufyonza hewa vipi? Halafu shampeni, nasikia unatumbukiza kijiko mdomoni mwa chupa.

Fundi_Pipa: 😂 Kijiko hakizuii chochote. Shampeni inataka kizibo chake cha kubana na baridi, kwa sababu gesi hukaa vizuri kwenye kinywaji baridi. Hata hivyo imalize ndani ya siku 1 hadi 3. Pampu usiisogeze hapo, itafyonza mapovu yenyewe. Kwa waini ya kawaida inasaidia kiasi, hewa yote haitoki.

Mzee_Kando: Au mnunue waini ya Port, muache kuhangaika. Ile imeongezewa pombe kali, ikifunguliwa inakaa wiki kadhaa. Waini ya Madeira, nayo ya aina hiyo, ndiyo kabisa, miezi.

Tunda_Kavu: Shikamoo mzee, nitaijaribu. Sasa hii iliyokwisha kuchachuka niipikie?

Binti_Saada: Ikishanuka siki, haitakudhuru, lakini ule ukali hauondoki jikoni, chakula chote kitakuwa kichachu. Ya kupikia igandishe ingali nzuri, kwenye trei ya barafu, unatoa vipande viwili vitatu unavyohitaji. Hiyo mwaga tu.