Wakuu mimi ni mjumbe wa Mkutano Mkuu, tarehe 4 nanyoosha mkono au nakaa kimya?

KinyoziWaKahama – 31 Julai 2015

Wakuu habari za mida hii. Naandika kwa simu nikiwa saluni na mteja anasubiri kwahiyo mnivumilie, na mods naomba msiunganishe huu uzi na zile nyuzi zingine za Lowassa maana utamezwa na mimi nataka ushauri kweli, matusi nimeshayasoma ya kutosha wiki hii.

Mimi ni mjumbe wa Mkutano Mkuu wa CHADEMA kutoka huku Kahama. Jumanne tarehe 4 tunatakiwa Mlimani City kupitisha mgombea urais. Na mgombea mnamjua, Lowassa aliyekuwa Waziri Mkuu wa CCM, Jumanne iliyopita ndo kapewa kadi na fomu kashachukua, mwingine hakuna. Dr Slaa, katibu mkuu wetu na mgombea wetu wa 2010, kwenye mapokezi hakuonekana na kila nikimuuliza kiongozi wangu yuko wapi naambiwa anapumzika.

Sasa shida yangu. Hii saluni nilifungua 2006, mashine moja na kioo cha kuazima. Mwaka ule ule ukame, mabwawa yakakauka, mgao ukaanza, nikawa nanyoa watu saa nane za usiku umeme ukirudi, mteja anasinzia kichwa kinaanguka mbele unabaki unashika kidevu. Ndo tukaja kusikia habari za Richmond, mkataba wa megawati 100 za dharura na mitambo haikufika kwa wakati. Februari 2008 ripoti ya kamati ya Mwakyembe imesomwa bungeni, Waziri Mkuu akajiuzulu, mimi redio iko wazi na mteja nusu ya kichwa imenyolewa nusu bado, wote tumeganda. Siku ile ndo niliingia siasa. Lowassa mwenyewe siku zote anasema hakuhusika, sawa, lakini mimi sikuwahi kumwambia mtu hivyo. Orodha ya mafisadi aliyoisoma Dr Slaa pale Mwembeyanga 2007 niliikariri kama tebo ya saba, na jina lake lilikuwemo. 2010 nimempitisha Dr Slaa vijiji kumi na kitu kwa baiskeli (jina lake namaanisha, sio yeye), bango lake liko hapa ukutani mpaka leo. Kuna mzee mmoja mteja wangu kada wa CCM wa kufa mtu nilibishana nae miaka saba kila Jumamosi, na silaha yangu ilikuwa moja tu, nyie mnao kina Lowassa. Juzi kakaa kwenye kiti kaniambia haya ninyoe tuongee.

Upande wa pili nao siwezi kuudanganya. Maji ninayooshea vichwa vya watu yanatoka Ziwa Victoria, na Kahama nzima tunajua nani alikomaa na ule mradi alipokuwa waziri wa maji. Nimeyaoga huku namtukana. Halafu kuna hesabu. 2010 tulipata kura milioni 2 na laki mbili na ushee, Kikwete wa CCM milioni 5 na laki mbili. Tulijaza viwanja tukaimba tukalia na hatukufika hata nusu yake. Sasa kaja mtu ana watu wake, ana pesa, na CCM wenyewe wanamuogopa.

Nina njia tatu, ninyooshe mkono, niseme hapana mbele ya ukumbi, au niugue malaria Jumatatu. Naombeni mawazo.

SitiYaMbele – 31 Julai 2015

Nimeshakaa. Karanga zinapita wapi?

Mchana_Kweupe – 31 Julai 2015

Mkuu acha utoto. Siasa ni kutwaa dola, nje ya hapo nyie ni kwaya. Na kwa vile umeleta hesabu ngoja nikuongezee ambayo wajumbe wengi hamuijui, viti maalum na ruzuku vinakwenda kwa kura za wabunge, na kura za wabunge zinavutwa na mgombea urais. Mtu akienda kituoni kwa ajili ya Lowassa hatoki na karatasi moja, anatiki rais anatiki mbunge anatiki diwani na harudi nyumbani kutafakari. Hata tukikosa Ikulu tunaingia bungeni na watu wengi kuliko wakati wowote, tunachukua halmashauri za miji mikubwa. Wewe unataka usafi, mtu safi asiyefika popote anamsaidia nani? Nyoosha mikono yote miwili.

BintiMwalimu – 31 Julai 2015

Mchana_Kweupe umepiga hesabu ya mavuno tu, ya mbegu hujapiga. Hiki chama hakina viwanda, hakina majengo, hakina jeshi wala redio ya taifa. Kina kitu kimoja, kwamba kikisema fulani fisadi watu wanaamini. Hicho ndo kilimfanya kinyozi wa Kahama apande baiskeli, hakulipwa mtu pale. Sasa mkiula huo mtaji wote Oktoba hii, 2020 mtasimama jukwaani mseme nini? Mtasema ufisadi watu watacheka, sio kwa ubaya, watacheka tu.

Na wewe kaka kinyozi, malaria usiugue. Kama ni hapana sema hapana watu wakuone. Kukwepa ndo kubaya kuliko yote mawili.

KadaMtiifu – 31 Julai 2015

Hahahaa karibuni sana mmuoshe. Sisi CCM kule Dodoma wajumbe wetu wameimba wana imani nae mbele ya mwenyekiti kabisa na jina halikurudi. Watu 38 walirudisha fomu wakabaki watano yeye hayumo. Chama chenye wenyewe bwana. Nyie posa Jumanne ndoa Jumanne inayofuata, hata ukoo wa bwana harusi hamjauliza.

Mchana_Kweupe – 31 Julai 2015

Kada mmemkata kwa sababu safi au kwa sababu ya makundi? Jibu hilo kwanza ndo uje na harusi zako.

JiraniWaNamanga – 1 Agosti 2015

Niaje wasee. Mimi ni Mkenya na sina kura kwenu lakini hii sinema tuliiona 2002. Upinzani ulikuwa umepigwa na Moi 92 na 97 juu kila mtu alikuwa anataka kusimama kivyake. Oktoba 2002 pale Uhuru Park Raila akasema Kibaki Tosha, na yeye mwenyewe alikuwa ametoka KANU ya Moi juzi tu. Na Kibaki sio eti alikuwa mgeni wa serikali, alikuwa makamu wa Moi miaka kumi, 78 hadi 88. Tulimpigia asilimia 62. Watu walilia barabarani kwa furaha, raia walikuwa wanashika makarao wanaokula hongo wenyewe.

So ukiniuliza kama mtu wa zamani wa mfumo anaweza kuondoa mfumo nakuambia ndio, ameshawahi. Lakini sasa sikia kilichofuata. Kulikuwa na MoU ya kugawana vyeo, ikawekwa kando, 2005 wakapigana kwa referendum ya katiba, 2007 unajua mwenyewe yaliyotokea sitaki kuyaandika. Swali la wewe kuuliza huko ukumbini sio kama huyo jamaa ni msafi. Uliza mmeandikiana nini, na akikataa kufuata mtamshika wapi.

BabaWawili_Tanga – 1 Agosti 2015

Huyu Mkenya kaongea. Mimi ningekuwa mjumbe ningenyoosha mkono lakini kwanza ningeomba maiki. Niulize maswali matatu, Richmond aeleze mwenyewe sio aelezewe na mwenyekiti, katiba mpya atairudisha rasimu ya tume ya Warioba au ipi, na akishindwa je atabaki chamani? Hilo la tatu nalitilia mkazo kwa sababu mtu aliyekuja na hasira ya kukatwa, hasira ikiisha anarudi.

MtuWaMichenzani – 1 Agosti 2015

Nyie wa bara mnababaika na hichi kitu kama ndo mara ya kwanza kumpokea mtu alokuwa serikalini. Maalim Seif alikuwa Waziri Kiongozi, alitolewa CCM 1988, leo nani atamwambia yeye si mpinzani? Mtu hutazamwa anavostahamili baada ya kutoka. Tafauti ni kuwa Maalim alilala ndani kwanza, urais akaja kuutafuta baadae. Huyu wenu kaanzia na urais. Mimi nshamaliza.

KinyoziWaKahama – 2 Agosti 2015

Nashukuru wote hata Kada. Nimesoma yote mara mbili. Mtu wa Michenzani umenigusa pale pa kulala ndani kwanza. BabaWawili hilo wazo la maiki zuri ila wewe hujawahi kukaa Mkutano Mkuu, maiki inajua inakokwenda. Basi linaondoka saa kumi na moja alfajiri kesho. Naenda.

KinyoziWaKahama – 5 Agosti 2015

Nimerudi kwenye gesti ndo naandika. Ukumbi ulijaa mpaka huoni mlango. Mgombea mwenza ni Juma Duni Haji, katoka CUF kaingia kwetu maana sheria inataka awe chama kimoja na mgombea. Maiki sikuipata, nilinyoosha kuomba mara mbili. Kura ilipofika nilinyoosha mkono, sio juu sana, usawa wa sikio hivi. Sio kwamba nilishawishika. Pembeni yangu walikuwa akina mama wa mkoa wetu, wamelima na hiki chama tangu enzi za Mzee Mtei mwanzilishi na hawajawahi kuona hata udiwani wa viti maalum, mmoja akanigeuzia macho. Nikasema sasa mimi usafi wangu nautunza kwa gharama ya nani.

BintiMwalimu nisamehe.

BintiMwalimu – 5 Agosti 2015

Sina cha kukusamehe. Umekwenda na umeonekana. Ila umesema hukushawishika na bado mkono umepanda, hilo lirudie rudie mwenyewe ukiwa kwenye basi.

SitiYaMbele – 1 Septemba 2015

Wakuu Dr Slaa kaongea leo. Kaachana na siasa za vyama. Lipumba nae tangu tarehe 6 kashajiuzulu uenyekiti CUF. Kinyozi upo?

KinyoziWaKahama – 1 Septemba 2015

Nipo. Nimefunga saluni mapema leo.

Mchana_Kweupe – 30 Oktoba 2015

Haya tuongee namba sasa. Lowassa milioni 6 na elfu 72, asilimia 39.97. Magufuli 58.46. Ikulu hatujaingia sawa na mimi hayo matokeo siyaamini, lakini linganisha hiyo na milioni 2 ya 2010. Bungeni tulikuwa 48, safari hii tunakwenda kwenye 70. Nani alisema tutakuwa kichekesho?

MtuWaMichenzani – 30 Oktoba 2015

Nyie hesabuni asilimia zenu, huku Jecha wa Tume ya Uchaguzi Zanzibar kafuta uchaguzi mzima juzi. Ahsanteni.

BintiMwalimu – 30 Oktoba 2015

Namba nakubali zimepanda, sibishi. Nauliza kampeni nzima miezi miwili umesikia neno ufisadi likitoka kwetu mara ngapi? Mimi nimelisikia upande wa pili, Magufuli ndo alikuwa anaahidi mahakama ya mafisadi. Tumeacha fimbo mlangoni jirani kaiokota.

Mchana_Kweupe – 30 Oktoba 2015

Hapo umenishika kidogo.

KadaMtiifu – 2 Machi 2019

NAFUFUA UZI. Jana ofisi ya CCM Lumumba mmeona? Lowassa karudi. Baba wawili wa Tanga uko wapi mganga wetu?

BabaWawili_Tanga – 2 Machi 2019

Nipo kada, ni baba wa wanne sasa. Sikutabiri kitu nilisema tu hasira ikiisha mtu anarudi. Na usijisifu sana maana hata Dr Slaa mmempa ubalozi Sweden, kwahiyo msafi kachukua chake na huyu wa pili karudi kwake, waliobaki nje ni wanyoa nywele.

Mchana_Kweupe – 2 Machi 2019

Mimi bado nasema kwa 2015 ilikuwa sahihi. Wale wabunge na mameya hawakuanguka kutoka mbinguni. Hata Jiji la Dar tulilichukua. Kosa letu lilikuwa kwenye masharti, mambo yote yalifanyika ndani ya siku saba na hakuna mtu aliyemuwekea hata karatasi moja mezani. Yule Mkenya alisema tukampa like tukapita.

BintiMwalimu – 2 Machi 2019

Masharti unayaweka ukiwa na kitu mkononi cha kumnyima mtu. Siku ile sisi ndo tulikuwa na haraka, yeye alikuwa na watu. Ungemnyima nini?

Kinyozi bado unaingia humu?

KinyoziWaKahama – 3 Machi 2019

Naingia dada ila siandiki. Nilikuwa najiuliza mtu akinifufulia huu uzi nitasema nini na bado sina la maana. Wale akina mama niliokaa nao, hakuna aliyepata viti maalum, majina yalitoka kwingine. Ubunge hapa kwetu tulikosa. Ila udiwani kuna kata tulichukua ambazo zamani hata mgombea hatukuwa nae, na diwani mmoja pale kafungua zahanati imelala miaka, nikipita naiona ina watu. Sasa hiyo niipime vipi na ile ya kunyoosha mkono usawa wa sikio, mimi sijui mizani yake.

Mkinipeleka tena Mlimani City nafikiri ningegombania ile maiki kwa nguvu. Hata wangenitoa nje. Mkono sijui ningefanyaje.

Yule mzee wangu kada alikuja jana jioni baada ya taarifa ya habari. Nikajua leo nitasemwa mpaka nikome. Kakaa kwenye kiti, kaangalia bango la Dr Slaa lile la 2010, limepauka lakini bado lipo kwa sababu linaziba ufa. Kaniambia punguza pembeni tu, juu acha. Miaka kumi na moja, ndo Jumamosi ya kwanza hatujabishana, nimemnyoa dakika ishirini kalipa kaondoka, nikabaki nimeshika chenji yake.