Maji yamechafuka ghafla na samaki wamegoma kula, ndo msimu umeisha?

Mzee wa Chelezo
Wakuu habari zenu. Huku majani yameanza kupukutika, usiku baridi kali, mchana kajua ka kawaida. Ziwa ninalovua lina kina kirefu, kiangazi chote samaki walikuwa wanakaa kwenye mita 7 au 8 hivi, unashusha chambo, hujakaa sawa mshipi unavutwa. Sasa tangu upepo wa juzi maji yamekuwa ya kahawia, matakataka yaliyooza yanaelea na kuna harufu ya yai viza. Ile mashine ya kuonyesha samaki inawaonyesha wametawanyika kila kina ila hawagusi kitu. Ni sumu au kawaida tu?

Chubwi
Sumu wapi mkuu, ziwa linajigeuza hilo. Kiangazi maji ya juu yanapata joto yanakuwa mepesi, ya chini yanabaki baridi na mazito, hayachanganyiki, kwa hiyo kule chini oksijeni inaliwa na vitu vinavyooza na haina pa kuongezekea, ndo maana samaki wako walikuwa hawashuki chini ya hapo. Sasa baridi ya usiku imepoza ya juu mpaka yamekaribiana na ya chini, upepo ukipiga unakoroga lote. Harufu ni gesi ya kule kwenye tope. Cheki kwenye mashine, ule mstari wa ukungu katikati, pale maji ya joto yanapokutana na ya baridi, si umepotea? Acha litulie, siku kadhaa mpaka wiki mbili hivi, inategemea ukubwa wa ziwa na upepo.

Fimbo Fupi
Mi siungi mkono habari ya kukaa nyumbani wiki mbili 😂 Hama tu hapo kwenye kina. Vighuba vya maji mafupi vinakorogwa na upepo mwaka mzima, havina cha kugeuka, na pale mto unapoingilia maji ni mapya. Halafu tafuta magugu ambayo bado ni ya kijani, ng'oa moja ulione, likiwa gumu na bichi hapo pana oksijeni, likiwa la kahawia linateleza mkononi ondoka maana linaoza na linakula hewa hiyo hiyo. Vidagaa wakiwepo wakubwa hawako mbali.

Mzee wa Chelezo
Asanteni sana. Alfajiri bado inafaa? Mimi nimezoea kutoka giza giza

Fimbo Fupi
Kiangazi sawa, saa hizi lala kwanza. Saa sita mpaka saa tisa mchana, jua likishapasha maji ya ukingoni kidogo, hapo ndo wanachangamka. Kile chambo cha bati kivute taratibu, na maji yakishuka chini ya nyuzi 10 punguza mwendo zaidi, samaki mwili umepoa hawezi kukimbiza kitu.

Chubwi
Naongezea, maji yanakuwa mazito kuliko yote yakifika nyuzi 4, yakipoa zaidi ya hapo yanakuwa mepesi tena yanabaki juu. Kwa hiyo baridi ikikolea kabisa joto kidogo lililobaki liko chini, utarudi kwenye shimo lako. Na kama unatumia mtumbwi vaa jaketi la kuokolea muda wote, maji ya baridi hivyo ukidondoka mikono inakufa ganzi kabla hujashika ubao.