Kujaza gesi siyo kutuni shokapu! Mafundi wa pikapu za porini, mnatuibia mchana kweupe

Wakuu, nimenyamaza vya kutosha.

Mtu analipia seti nzima ya shokapu ndefu: wishboni pana (ile mikono inayoshika tairi), koiliova (shokapu iliyovikwa springi) zenye chupa ya pembeni ya oili na gesi, mikanda ya kuzuia ekseli isishuke kupita kiasi, kila kitu. Juu yake analipia "tuning", yaani kuzirekebisha shokapu ziendane na gari lake, tena imeandikwa mstari wake peke yake kwenye risiti. Halafu anakabidhiwa pikapu ambayo mbele inagota, yaani shokapu inabanwa mpaka mwisho, kwenye shimo la kawaida kabisa, na ikiingia kwenye matuta yaliyofuatana nyuma inazidi kuzama tuta baada ya tuta mpaka inapiga chuma kwa chuma. Ndicho kilichonipata. Na kila nikirudi gereji majibu ni yale yale: tuongeze naitrojeni (ile gesi ya kwenye chupa), tufunge kidogo kinobu cha kurekebisha shokapu, tukaze springi ipande. Wameishia hapo. Hawana kingine wanachokijua, na hicho ndicho walichonitoza hela.

Hakuna aliyepima gari. Hakuna hata aliyeuliza nabeba nini. Pikapu yenye winchi mbele, tairi mbili za akiba nyuma, tenki la ziada na boksi la vifaa siyo pikapu ile iliyotoka kiwandani, na mtoto angeliona hilo kwa macho. Unawezaje kudai umetuni kitu ambacho hujui kinabeba kilo ngapi kila pembe?

Tuanze na hiyo gesi, maana ndiyo uongo mkubwa kuliko wote. Shokapu haibebi gari. Gari linabebwa na springi, na kazi ya shokapu ni kuzuia mwendo wa springi kwa kupitisha oili kwenye pistoni na kuugeuza mwendo huo kuwa joto. Naitrojeni ile ya psi 150 hadi 200 iko kwenye chupa kwa sababu moja: kuikandamiza oili ili isitengeneze mapovu pistoni inapokwenda kwa kasi. Mapovu yakiingia, pistoni inapita kwenye povu badala ya oili na unabaki na springi tupu. Gesi ikiwa pungufu, jaza, sawa. Lakini usiniambie unaongeza gesi ili gari liache kugota! Pigeni hesabu wenyewe. Shafti ya milimita 22 ina eneo la sentimita mraba 3.8 hivi. Kwa psi 200 gesi inaisukuma shafti hiyo kwa nguvu ya kilo 50 na kitu. Ukitoka psi 150 kwenda 200 umeongeza kilo 13 kwenye pembe inayobeba mamia ya kilo. Gari likitua kutoka juu, kilo 13 zitasaidia nini?

Kinobu nacho. Kwenye shokapu nyingi za chupa, kile kinobu kinagusa upande wa kubanwa tu, upande wa kurudi, yaani shokapu inaporefuka tena, hakiugusi hata kidogo. Sasa tatizo langu la nyuma ni la kurudi. Shokapu ikiwa nzito mno kurudi, tairi halipati muda wa kushuka kabla tuta linalofuata halijafika, kwa hiyo kila tuta linaikuta ekseli iko juu zaidi ya mwanzo, nafasi inaliwa kidogo kidogo mpaka inaisha, na hapo ndipo inagota. Mtu anayejua kazi yake anaiona hata akisimama pembeni ya njia akaangalia gari likipita. Fundi wa gereji ananifungia kinobu cha kubana! Kwamba hajui kinobu anachokishika kinafanya nini, hilo ndilo linaloniuma kuliko hela.

Kukaza springi ndiko kulikoharibu zaidi. Ukiizungusha ile ringi ya juu ya koiliova, springi haiwi ngumu. Ugumu wake ni ule ule, umeinua gari tu. Na ukiinua gari kwa njia hiyo unakula nafasi ya tairi kushuka. Gari likisimama lenyewe, theluthi moja ya mwendo wote wa shokapu, au karibu nusu, inatakiwa ibaki kwa ajili ya kushuka. Langu lilirudi limesimama kama limekatazwa kuchuchumaa, sivi jointi (viungo vya shafti zinazozungusha tairi) zimepinda mpaka mwisho hata likiwa limeegeshwa, na kila tairi likishuka shimoni unasikia "ko!" ya shafti kufika mwisho wa shokapu. Nililipia mwendo mrefu, nusu ya mwendo huo wameniziba kwa spana.

Mwisho nikazipeleka kwa fundi mwingine azifungue mbele yangu. Akatoa gesi, akafungua kichwa, akavuta shafti na kuifuta kwa kitambaa. Nati ya pistoni ilikuwa na gundi ya kiwandani, nzima, haina hata alama ya spana. Yaani hakuna mkono wa binadamu uliowahi kugusa kilichomo ndani tangu shokapu itoke kwenye boksi, na mimi nina risiti ya "tuning". Hapo ndipo nilipokasirika kweli.

Kwa wasiojua, kutuni kwenyewe kunafanyika pale chini ya ile nati. Kuna shimu, vile vibati vyembamba vya duara kama washa, vimepangwa vikubwa kwa vidogo pande zote mbili za pistoni. Upande mmoja unazuia oili shokapu ikibanwa, wa pili ikirudi. Oili inavikunja ili ipite. Kubadilisha kibati cha milimita 0.25 ukaweka cha 0.30 kunaonekana ni mchezo, lakini ugumu wa kibati unakwenda kwa kipeo cha tatu cha unene wake (1.2 × 1.2 × 1.2), kwa hiyo umekifanya kigumu mara 1.7. Ndiyo maana kazi hii inafanywa kidogo kidogo: unafungua, unabadilisha upande mmoja tu, unafunga, unajaza gesi, unaenda kwenye njia ile ile kwa mwendo ule ule, unarudi. Ni kazi ya kuchosha na ninakubali ilipiwe vizuri. Lakini ifanyike!

Na msichanganye kasi. Fundi anaposema "kasi ndogo" na "kasi kubwa" anamaanisha kasi ya shafti, siyo ya gari. Gari likilala kwenye kona, shafti inakwenda polepole, hata kama uko mbio. Ukikanyaga jiwe lenye ncha ukiwa unatambaa, shafti inaruka. Ukimwambia fundi "linagota" akakujibu "punguza mwendo", huyo hajakuelewa na hatakuelewa.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna muuzaji hata mmoja anayelitaja. Ukiweka wishboni ndefu zaidi na kuiacha shokapu pale pale ilipokuwa, umempa tairi mtarimbo mrefu zaidi wa kuibana. Tuseme shokapu iko kwenye asilimia 60 ya urefu wa wishboni. Springi inafika kwenye tairi ikiwa na 0.6 mara 0.6 ya ugumu wake, yaani asilimia 36. Ikiwa sasa iko kwenye asilimia 50, inafika na 25. Umepoteza karibu theluthi ya springi, na uzuiaji wa shokapu umepungua vivyo hivyo, kabla hujafunga hata tairi kubwa ambazo uzito wake nao unataka kuzuiwa. Sasa mtu anakufungia wishboni hizo na springi zile zile na shimu za kiwandani, kisha anashangaa linagota!

Najua atatokea wa kusema "nunua baipasi". Zile zenye mabomba ya nje ni nzuri, kila bomba linashika sehemu yake ya mwendo na unarekebisha kwa spana bila kufungua shokapu. Lakini fundi asiyejua kinobu kimoja kinafanya nini, ukimpa mabomba manne atayafanya nini? Shokapu nilizonazo zinatosha kabisa. Hazijatuniwa tu.

Gereji yenyewe siitaji hapa kwa sababu suala bado naliendesha nao kwa maandishi. Nimedai jambo moja kati ya mawili: zifunguliwe nikiwa nimesimama pale, gari likiwa limepimwa pembe zote nne na mzigo wake, nipewe karatasi ya mpangilio wa shimu kabla na baada, au hela yangu ya "tuning" irudi yote. Hadi sasa wananiambia eti mpangilio wa shimu ni siri ya gereji. Siri gani? Shimu za kiwandani?

Wadau mnaopeleka pikapu kwa hawa watu, kabla hujalipa funga kamba ya plastiki, ile ya kufungia nyaya, kwenye shafti ya kila shokapu. Isukume mpaka kwenye sili, kisha nenda porini. Ikirudi imesukumwa mpaka mwisho kwenye njia ya kawaida, umepata ushahidi ambao hawawezi kuubishia. Mkishuka mguseni pia kila shokapu: ile iliyobaki baridi wakati mwenzake wa upande wa pili amechemka haifanyi kazi.

Na kama kuna mtu fundi wake alimpa karatasi ya shimu, naomba aiweke hapa pamoja na uzito wa gari kila pembe, saizi ya tairi na shokapu imefungwa wapi kwenye wishboni. Nataka niwapelekee waone kwamba kuna watu wanaofanya kazi hii kweli.